Mkereketwa wa Zaiko: Jina ni la Wanaobaki

Nathenje haijulikani kwa muziki. Ni kituo cha biashara kusini ya Lilongwe, nchini Malawi, kando ya barabara kuu iendayo Dedza na hatimaye Blantyre. Wasafiri husimama hapo kununua nyanya na mahindi ya kuchoma, kisha hushika njia yao. Sisi nasi tulikuwa wasafiri wa aina hiyo. Tulikuwa tukirejea Lilongwe katika shughuli za kikazi, na lililotusimamisha Nathenje halikuwa jambo kubwa zaidi ya gurudumu lililotoboka.

Dereva alipokuwa akihangaika na jeki tulisikia ngoma. Mtu aliyepitia chuo cha maofisa wanafunzi huizoea ngoma ndogo ya gwaride kuliko anavyoizoea sauti ya mkufunzi wake, kwani ndiyo inayoamrisha miguu. Ngoma iliyolia nyuma ya soko la Nathenje ilikuwa ya jamii hiyo hiyo, yenye nyuzi za chuma chini yake, ila haikuwa ikipiga gwaride. Ilikuwa ikikimbia kwa pigo lisilopumzika, kama treni iliyokwisha kushika kasi. Ilikuwa kavacha, mdundo ambao mpenzi wa muziki wa dansi, awe Kinshasa, Dar es Salaam au Nairobi, huutambua hata kabla gitaa halijaingia.

Tukaifuata sauti. Tuliwakuta vijana wanne wa Kimalawi chini ya mwembe, wakiwa na drams zilizotiwa viraka na gitaa moja lililounganishwa na redio kuukuu iliyogeuzwa kuwa kikuza sauti. Tuliwauliza ni nani aliyewafundisha mdundo huo ambao si wa kwao. Wakajibu kwa pamoja kwamba ni Agogo wa Zaiko, yaani babu wa Zaiko. Yuko wapi? Yuko Dzaleka, walisema, na nyuso zao zikabadilika.

SAFARI YA DZALEKA

Dzaleka iko upande wa pili wa Lilongwe, kaskazini, katika wilaya ya Dowa. Enzi za Rais Kamuzu Banda palikuwa na gereza lililoogopwa sana. Mwaka 1994 pakageuzwa kuwa kambi ya wakimbizi, na hivi leo wanaishi hapo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na wengineo zaidi ya 50,000, ilhali mahali penyewe palitayarishwa kwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Kiswahili kinasikika katika kila kichochoro. Mtanzania anayefika hapo hahitaji mkalimani.

Siku mbili baadaye, tukiwa tumekwisha kupata ruhusa, tulimkuta mzee huyo akiwa ameketi mbele ya nyumba yake ya matofali ya udongo, akitengeneza redio. Ametuomba jina lake lisitajwe gazetini, nasi tumeafiki. Ana umri wa miaka 67. Alizaliwa Uvira, mashariki mwa Kongo, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Vita vya mwaka 1996 vilimvusha ziwa hadi Kigoma, na baada ya miaka kadhaa ya kambi za Tanzania alifika Malawi. Nathenje aliishi miaka 14 akiwa fundi wa redio, na ni huko alikowaweka pamoja vijana wa Kikongo na wa Kimalawi wakawa bendi moja.

Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 ilijiwekea haki ya kuamua mahali ambapo wakimbizi watakaa. Mwaka 2023 serikali iliitekeleza amri ya kuwarudisha kambini wale waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini na vijijini. Sisi ni wageni, na mgeni haamui mambo ya nyumba ya mwenyeji wake. Tunaeleza tu kwamba mzee huyu alikuwa miongoni mwa waliorudishwa, na kwamba alipoambiwa achukue anachoweza kubeba, alibeba vifaa vyake vya ufundi na kaseti 41 za Zaiko Langa Langa. Meza, kabati na drams alivijengea vijana wa soko la Nathenje imani, akawaachia.

“Karibu, komanda,” alituambia alipojua kazi yetu. “Wewe umekuja kuuliza habari za Zaiko. Keti. Maneno ya Zaiko si ya kusema umesimama.”

“ULICHELEWA”

Bendi anayoizungumzia ilizaliwa Kinshasa tarehe 24 Desemba 1969. Jina Zaiko huelezwa kuwa ni ufupisho wa maneno yenye maana ya Zaire ya mababu. Waanzilishi walikuwa vijana wa mitaani na wa shuleni, na kati ya waimbaji wa mwanzo walikuwamo Jossart Nyoka Longo na Shungu Wembadio, ambaye dunia ilikuja kumfahamu kwa jina la Papa Wemba. Solo lilikuwa mikononi mwa Manuaku Waku.

Wakati huo uwanja ulikuwa wa wakubwa. Franco na OK Jazz, Tabu Ley na bendi yake, wote walikuwa na safu za tarumbeta na saksafoni. Vijana wa Zaiko, waliokuwa wakisikiliza pia rock na soul kutoka Marekani na Uingereza, waliziweka kando ala za kupuliza. Wakasimamisha magitaa mbele, wakaongeza waimbaji, wakairefusha ile sehemu ya kucheza tunayoiita sebene, na kila kitu wakakikalisha juu ya ngoma ndogo ya drams. Mpiga drams Meridjo Belobi ndiye anayehusishwa zaidi na mdundo wa kavacha. Husimuliwa kwamba mlio wa treni ulichangia kuuzaa.

Mzee wetu aliingia Kinshasa mwaka 1976, akiwa kijana wa miaka 18 aliyepelekwa kwa mjomba kujifunza umeme. Jioni ya kwanza alitaka kupelekwa akaione Zaiko. Binamu zake walimcheka. Walimwambia, “Ulichelewa. Zaiko yenyewe imekwisha.” Na kweli, mwishoni mwa mwaka 1974 Papa Wemba, Evoloko na wenzao walikuwa wamekwisha kujitoa na kuanzisha Isifi Lokole. Baadaye ikaja Yoka Lokole, na mwaka 1977 Papa Wemba akaunda Viva la Musica.

“Nilikwenda hivyo hivyo,” alisema. “Nikaiona hiyo waliyosema imekwisha. Nilirudi nyumbani alfajiri, viatu mkononi. Tangu siku hiyo nimeambiwa Zaiko imekwisha mara nyingi, nami sijaamini hata mara moja.”

Na nafasi za kuambiwa hivyo zilikuwa nyingi. Mwaka 1980 Manuaku aliondoka akaanzisha Grand Zaiko Wawa. Mwaka 1981 ikazaliwa Langa Langa Stars ya Evoloko. Mwaka 1988 ulitokea mgawanyiko mkubwa kuliko yote: Bimi Ombale, mpiga drams Ilo Pablo na wengine waliondoka wakaunda Zaiko Familia Dei, na Nyoka Longo akabaki na jina la asili pamoja na wachache waliomfuata, Meridjo akiwa mmojawapo.

MAONI YAKE

Tulimwuliza ni kipindi gani cha Zaiko anachokipenda zaidi, tukitazamia kwamba atataja miaka ya mwanzo kama wafanyavyo wapenzi wengi. Alitikisa kichwa. Yeye anakipenda kipindi cha baada ya mwaka 1980. Sababu yake ni kwamba bendi yenye mpiga solo hodari kama Manuaku hupendeza bila taabu. Bendi iliyompoteza, ikakaa chini, ikafanya mazoezi, ikapanda jukwaani Jumamosi iliyofuata bila kuomba radhi, hiyo ndiyo inayoonyesha imejengwa kwa nini.

Asidhani msomaji kwamba mzee huyu ni mtu wa kusifu tu. Anazo lawama, na azitoazo ni kali. Mnamo mwaka 1982 Zaiko iliwaingiza Nono na Bebe, vijana waliokuwa wakipaza sauti za kuchangamsha wachezaji huku wakitikisa kayamba iliyotengenezwa kwa kopo la dawa ya wadudu. Hao ndio atalaku wa kwanza, na mtindo wao ukaenea katika bendi zote za Kongo. Mzee anakubali kwamba mwanzoni ulikuwa chumvi katika mboga. Lakini baadaye, anasema, waimbaji na atalaku wakajifunza kutaja majina ya matajiri ili walipwe, na siku hizi wimbo mmoja hubeba majina ya watu kuliko maneno ya wimbo wenyewe. “Chumvi imezidi mboga,” alisema, na hakuitoa Zaiko katika lawama hiyo.

Aidha, haoni kwamba Nyoka Longo ni mtakatifu. Wengi walioondoka walikuwa na sababu zao, na si haki kuwaita wote wasaliti. Tena kuondoka kwao kuliijaza Kinshasa bendi. Viva la Musica, Choc Stars, Anti-Choc na nyingine kadhaa ni watoto wa nyumba moja, na hata Wenge Musica, iliyokuja baadaye na kugawanyika yenyewe mwaka 1997, ilisimama juu ya ngoma ile ile. Analotetea mzee ni jambo moja tu: ukiondoka, nenda na heshima yako na sauti yako, lakini jina liache kwa wanaobaki kuipiga ngoma.

Hapo tuliona kwamba tumefika mahali petu. Tulimweleza kwamba jeshini mambo ni hayo hayo. Askari huingia na kustaafu, makamanda huhamishwa, lakini kikosi hubaki na namba yake na bendera yake.

Alitusikiliza kwa adabu, kisha akakataa. “Hapana, komanda. Kikosi kina serikali ya kukilisha. Kama wote wamelala, bado kiko katika daftari. Bendi haina daftari. Siku wakiacha mazoezi, imekufa, hata kama bendera ingali ukutani.”

Tukamtajia habari za nyumbani kwetu. NUTA Jazz iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1964 ilikuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na mwishowe Msondo Ngoma. Mwaka 1978 wanamuziki wake mashuhuri, akiwamo marehemu Muhidin Maalim Gurumo, waliondoka kwenda Mlimani Park, na ushindani wa Msondo na Sikinde ukawa chakula cha wapenzi kwa miaka mingi. Kwa hiyo kwetu jina ndilo lililobadilika na bendi ikabaki. Mzee alifurahi sana. Alisema hiyo ni Zaiko iliyogeuzwa nje ndani, na akauliza swali moja tu: ngoma ya msondo ilibaki? Tulipomjibu kwamba ilibaki, alisema basi hakuna kilichopotea.

Tulimtajia pia WITCH ya Zambia, nchi jirani, iliyopiga rock ya magitaa mazito miaka ya 1970. Bendi hiyo ilinyamaza miaka mingi, na wengi wa wanamuziki wake wa mwanzo wamefariki. Mwimbaji wao Emmanuel Chanda, maarufu kwa jina la Jagari, amerudi jukwaani akiwa mzee, akizungukwa na vijana ambao baadhi yao ni wa kutoka Ulaya, na mwaka 2023 wakatoa albamu iitwayo Zango. Je, hiyo ni WITCH? Mzee alifikiri. Alisema kwamba kama Jagari anawafundisha, ni WITCH. Kama wanamzunguka tu ili apigwe picha, si WITCH.

MTOTO ANAPINGA

Wakati wote huo kijana mmoja alikuwa ameketi nyuma yetu mlangoni, akisikiliza. Ni mtoto wa mzee, mwenye umri wa miaka 26, na ni mwimbaji. Baba alipokosea mwaka mmoja alimsahihisha kwa upole. Kisha akaomba ruhusa ya kusema.

“Baba, mimi nakuheshimu. Lakini Zaiko ya leo ni mtu mmoja na jina. Papa Wemba alifariki mwaka 2016 jukwaani Abidjan. Meridjo naye alifariki mwaka 2020. Wengine wamezeeka au wako Ulaya. Nyoka Longo amebaki kwa sababu jina ndilo duka lake. Sasa wewe unalisifu duka.”

Tulidhani mzee atakasirika. Hakukasirika, ila alikaa kimya kwa muda. Ndipo tukaelezwa jambo ambalo hatukulijua, na ambalo lilitufahamisha kwa nini nyuso za vijana wa Nathenje zilibadilika tulipowauliza.

Mwaka 2023 bendi ya Nathenje ilikatika vipande viwili. Wakongo walirudishwa Dzaleka, wakiwamo mzee, mwanawe na mpiga besi. Wamalawi walibaki. Mwaka uliofuata wale wa Dzaleka walipata magitaa ya kuazima, wakafanya mazoezi, wakataka kujiandikisha katika Tamasha la Tumaini. Tamasha hilo hufanyika humo humo kambini tangu mwaka 2014. Lilianzishwa na Menes la Plume, msanii wa Kikongo ambaye mwenyewe alikuwa mkimbizi hapo, na huwaleta pamoja wakimbizi, Wamalawi na wageni kutoka nchi za mbali. Kwa bendi changa hakuna jukwaa kubwa kuliko hilo katika eneo lile.

Vijana wa Dzaleka walitaka kujiandikisha kwa jina la zamani. Hoja yao ilikuwa nyepesi: mwanzilishi yuko kambini, mwimbaji yuko kambini, nyimbo wamezitunga wao, basi jina liko kambini. Wala hawakuondoka kwa hiari yao.

Mzee alikataa.

“Nilikuwa nimesema neno hilo miaka 40,” alituambia. “Nimewagombeza watu wa Viva kwalo, nimegombana na shemeji yangu kwalo. Jina ni la wanaobaki kuipiga ngoma. Sasa leo mimi ndiye niliyeondoka, nigeuze neno?”

Mwanawe alisema kwamba kuondoka kwa kufukuzwa si sawa na kuondoka kwa kutafuta fedha. Alisema pia kwamba wao wamekwisha kuacha nyumba Uvira, shamba Kigoma na kibanda cha ufundi Nathenje, na kwamba jina la bendi lilikuwa kitu pekee ambacho hakuna aliyewaandikia barua ya kukiacha. Kwa miezi miwili baba na mwana hawakusemezana ila kwa mambo ya chakula. Mwishowe bendi ilipanda jukwaani kwa jina jipya. Watu walicheza. Hata hivyo kijana hajakubali, na alitutamkia hivyo mbele ya baba yake.

Sisi tulikuwa tumeketi kati yao. Kwa kweli hatukuona kwamba kijana ana makosa. Ipo tofauti kati ya mtu anayeondoka na mtu anayeondolewa, na sheria iliyotungwa kwa ajili ya wanamuziki wa Kinshasa waliogombania fedha na umaarufu haimtoshi barabara mtu aliyebeba kaseti zake mgongoni. Mzee mwenyewe anajua. Alipoulizwa kama haoni uchungu alijibu kwamba anauona kila jioni. Lakini wale vijana wanne wa sokoni hawakumfukuza mtu, na siku alipoondoka walikuwa na ngoma tu. Akiwanyang’anya na jina, watabaki na nini cha kuwafanya wakutane kesho?

KASETI

Desemba mwaka 2021 shirika la UNESCO liliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, kwa ombi la nchi mbili za Kongo. Wapenzi wengi walishangilia, na ni haki yao. Lakini orodha haipigi ngoma. Anayepiga ni kijana fulani mahali fulani, aliyefundishwa na mtu aliyekuwa na subira, na mara nyingi mahali hapo si Kinshasa wala si Paris. Huenda ni nyuma ya soko, kando ya barabara ya Dedza.

Tulipoaga, mzee aliingia ndani akatoka na kaseti moja iliyofungwa kwa kitambaa. Alisema kijana wa drams wa Nathenje hukimbia anapoingia sebene, na kwamba amsikilize Meridjo katika upande wa pili, toka mwanzo hadi mwisho, bila kucheza. Yeye hawezi kuipeleka mwenyewe, kwani kutoka kambini kunahitaji kibali. Mwanawe alituandamana hadi garini. Hapo, baba yake akiwa mbali, alitupa noti iliyokunjwa, akatuomba tuwanunulie wenzake jozi ya fimbo za drams mjini Lilongwe. Alituomba tusiseme zimetoka kwa nani.

Tulirudi Nathenje siku iliyofuata. Kinyozi wa sokoni anayo redio yenye sehemu ya kaseti, ambayo mzee ndiye aliyeitengeneza miaka iliyopita, na bado inafanya kazi. Tulikabidhi kaseti na fimbo. Vijana waliuliza ni nani aliyenunua fimbo, nasi tukasema hatukuambiwa. Mpiga drams alisikiliza akiwa amesimama, kisha akaomba wimbo urudishwe mwanzo. Juu ya ngoma kubwa jina la bendi lilikuwa limepakwa rangi upya.